Jarife mita mbili chini: shajara ya mradi wetu, Agosti hadi Desemba 2024

3 Agosti. Diko letu, kusini mwa Unguja

Kamba zimefika. Mizinga miwili ya nailoni nyembamba, gunia la maboya, na risiti ambayo mweka hazina wa kikundi ameshaikunja mara nne na kuitia ndani ya kofia. Kesho mwezi unaandama, kwa hivyo giza limeingia na majarife yanatoka kila usiku kusi likiruhusu. Mjomba, ambaye ndiye nahodha, amekubali tutumie wavu alionao. Tuseme amekubali. Alisema "haya, tutaona", na kwa mjomba hayo ni maneno mengi.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kutujua: jarife ni wavu wa macho makubwa unaolazwa jua likizama, ukaachwa uchukuliwe na maji usiku kucha pamoja na chombo kilichofungwa mwisho wake, kisha ukavutwa kabla ya alfajiri. Wanaotakiwa ni jodari, nguru, sehewa, nduaro na papa. Asiyetakiwa ni pomboo, naye hunasa, maana anawafuata samaki walewale, na uzi wa nailoni hauurudishi vizuri ule mlio anaoutoa ili kujua kilicho mbele yake. Akishanasa hana muda. Anavuta pumzi kama mimi na wewe. Akizuiwa chini, anakufa maji.

Tunachojaribu si chetu. Pakistani, kati ya 2013 na 2017, manahodha wa majarife ya jodari waliushusha wavu mita 2 chini ya uso wa bahari badala ya kuuacha uelee juu. Hesabu zao zilipochambuliwa, pomboo na jamaa zake walionasa walikuwa pungufu kwa asilimia 78.5, na jodari walipungua kwa asilimia 6.2 tu. Nilimsomea mjomba. Ile 78.5 aliipita kama hajaisikia. Akaniuliza: "Hao jodari asilimia sita, nani aliwalipa?"

5 Agosti

Mchana kutwa chini ya mkungu tukifunga. Wavu una vipande kumi na sita. Vinane tumeviacha kama vilivyo, kamba ya juu ikielea. Vinane vingine tumeving'oa maboya mpaka wavu uwe mzito wa kuzama wenyewe, kisha tukaushikiza kwa vining'inio: boya kubwa juu, kamba ya mita 2, wavu chini. Ukiutazama umetandazwa mchangani unafanana na nguo zilizoanikwa.

Tepu ya kupimia nilikuwa nimeisahau skuli. Mzee mmoja mshona nyavu akanyoosha mikono, akatia pima moja, akaongeza morita ya vidole viwili vilivyotanuliwa, akasema kata hapo. Jioni niliipima kwa tepu. Mita mbili, kasoro upana wa kidole.

6 na 7 Agosti

Kusi. Hatukutoka.

9 Agosti

Tulitoka watu sita, mimi wa saba na sina kazi chomboni ila daftari. Kulaza vile vinane vya kawaida kulichukua muda ule wa siku zote. Kulaza vile vya chini ilikuwa balaa: kila kininginio kilitafuta mwenziwe kikajisokota naye, boya likapita ndani ya jicho la wavu, na mjomba akasema neno ambalo sitaliandika. Kijana wa mwisho mwisho chomboni, yule wa kuteka maji ndani ya mashua, ndiye aliyeona njia. Wavu ukae kulia kwa tezi, maboya yote kushoto, na mtu mmoja awe anayatupa moja moja kwa mkono, baada ya wavu, si pamoja nao. Baada ya hapo ilikwenda.

Juu: nguru wanne, sehewa mmoja. Chini: nguru watatu, jodari wawili. Pomboo hakuna kokote. Naandika tu; usiku mmoja haupimi kitu.

19 Agosti, mwezi mpevu

Majarife yamepumzika, nami nina nafasi ya kuandika kuhusu fomu, ingawa naona aibu.

Fomu ya kwanza niliitunga mwenyewe. Kurasa mbili, maswali ishirini na moja, la kwanza jina la nahodha na la pili namba ya chombo. Niligawa thelathini. Zimerudi mbili: moja tupu, nyingine imefungia visheti.

Ningetarajia nini? Kila mtu hapa anajua kuwa sheria inamlinda pomboo. Anajua pia kuwa shemeji yake anapeleka watalii kuwaona pomboo haohao, kazi iliyoanza Kizimkazi mwaka 1992, na kwamba kabla ya hapo wazee wake waliwawinda ili wawatie chambo cha papa. Nyumba moja, ugomvi wa aina tatu. Halafu mwalimu wa sayansi anakuja na kalamu kuuliza jina.

Mwenye banda la kahawa ndiye aliyenikwamua. Tumeweka kopo la maziwa ya unga kwenye rafu yake, kifuniko kimetobolewa. Aliyepata pomboo amekufa, atie kete ya bao. Aliyemtoa hai, atie simbi. Hakuna jina, hakuna kuandika, hakuna anayetazama. Baraza ile kete hazikosekani.

2 Septemba

Tumefungua kopo. Kete kumi na moja.

Nilikaa chini. Kumi na moja, mwezi mmoja, diko moja! Kichwani zikanijia zile hesabu za watafiti waliofanya kazi kusini mwa Unguja kati ya 1999 na 2002: pomboo wa pua ya chupa walikadiriwa kuwa kati ya 136 na 179, na wale wenye nundu kati ya 58 na 65. Basi. Bahari yote hii ya mbele yetu, na pomboo wake hawajazi daladala kumi. Jike anabeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mmoja, anamnyonyesha, na miaka inapita ndipo azae tena. Kundi kama hilo ukilipunguza kumi na mmoja kwa mwezi, wanangu watalisikia kwenye hadithi.

Nikaanza kuandika barua. Kabla ya Isha nikaletewa ukweli: wacheza bao walikuwa wanahifadhi kete zao za akiba humo, kwa sababu watoto wanawaibia. Bao linataka kete 64. Wao walikuwa nazo 75.

Kwa hiyo hesabu ya Agosti ni sifuri, au kumi na moja, au yoyote iliyo katikati. Tumebadilisha. Sasa aliyekufa ni risasi ya wavu, hakuna mchezo unaoitaka.

5 Septemba

Boti ya watalii imekatisha juu ya wavu alfajiri, kasi, taa zimezimwa. Vipande viwili vya juu vimeliwa na panga la mashine. Vya chini boti ilivipita kama havipo.

Mjomba hakusema kitu. Lakini baada ya kushusha samaki aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, ile kamba ya vining'inio nilinunua duka gani. Miezi miwili namweleza habari za pomboo, kumbe lililomgusa ni pangaboi. Sawa tu. Mimi sichagui mlango wa kuingilia.

24 Septemba

Wamerudi wawili waliokuwa dago, kambi ya wavuvi, upande wa Mafia na Kilwa. Nikawauliza pomboo, wakanijibu nguva. Huyo mwanzoni sikumtia katika mradi, kwa sababu huku kwetu hata wazee humtaja kwa kukumbuka. Mmoja aliwahi kumwona akitolewa kwenye jarife karibu na delta ya Rufiji, miaka mingi nyuma. Anasema alilia machozi. Sijamkatalia, ingawa najua ute ule wa macho ni wa kawaida kwa nguva akitolewa majini.

Desemba 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la walio karibu kabisa kutoweka: waliokomaa hawafiki 250, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na wengi wao wako visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Nyavu za namna hii ni moja ya sababu kubwa. Kwa nguva kushusha wavu mita mbili hakusaidii kitu. Yeye anakula majani ya bahari kwenye maji mafupi, chini kabisa. Kwake dawa ni kutolaza wavu pale. Nimeliandika hili ili asije mtu akachukua mradi wetu akaupeleka Rufiji kama ulivyo.

17 Oktoba, mwezi mpevu. Kikao

Tulikuwa watu kama ishirini, wamo matajiri wawili wenye nyavu. Nilipanga kuzungumza dakika kumi kuhusu matokeo. Sikufika hata ya tatu.

La kwanza lilikuwa lile ninalolijua: mbona sisi, meli kubwa je? Nikawaambia meli za nyavu za kuzungusha zimekatazwa na kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi tangu 2013 kuwazungushia wavu pomboo na nyangumi kwa makusudi, na majarife marefu kupita kilomita 2.5 yamepigwa marufuku hadi ndani ya maji ya nchi wanachama tangu 2022. Kutekelezwa ni habari nyingine, na nilikiri hivyo. Lakini ukweli usiopendeza ni kwamba katika bahari yetu hii meli zile si ndizo zinazoongoza kuua pomboo. Ni jarife. Makadirio yaliyotolewa 2020 yanasema majarife ya jodari ya Bahari ya Hindi yalinasa pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni 4.1 kuanzia 1950 hadi 2018, na miaka ya 2004 hadi 2006 walikaribia laki moja kwa mwaka. Nchi tisa ndizo zenye sehemu kubwa ya mzigo huo. Iran ya kwanza, Oman na Yemen wamo, na Tanzania imo, ya mwisho katika orodha. "Ya mwisho!" akasema mmoja, watu wakapiga makofi.

La pili, kijana mmoja aliona kwenye simu vifaa vinavyofungwa kwenye wavu vikalia majini. Vipo, na vinafanya kazi. Mwaka 1994 katika Ghuba ya Maine, Marekani, wavu zisizolia zilinasa wale pomboo wadogo wa bahari baridi 25, na wavu zilizolia zilinasa 2. Lakini vinafungwa kila baada ya mita kadhaa kwenye wavu mzima, vina betri, na kimoja bei yake ni fungu la mtu la siku nyingi. Tena sili, wanyama wa bahari ya baridi wanaokula samaki, huko kwao wamejifunza kuufuata mlio ule kama kengele ya chakula. Nilipomaliza kueleza hayo hakuna aliyeuliza tena.

La tatu ndilo lililonifundisha, na halikutoka kwa msemaji. Mzee mshona nyavu, yule wa pima na morita, aliuliza bila kuinua kichwa: "Huyo pomboo akiwa hai, tundu la nani?"

Kimya.

Nieleze, kwa sababu mimi mwenyewe, mtoto wa diko hili, sikuwahi kulifikiria hivi. Samaki wakiuzwa mnadani, yanatolewa kwanza matumizi: petroli, barafu, chakula. Kinachobaki kinakatwa mafungu. Lipo la chombo, lipo la mashine, lipo la wavu, ndipo la watu. Wavu ni wa tajiri. Ukirudi na tundu la panga la mashine, hilo ni bahati mbaya, tajiri anashona. Ukirudi na tundu la kisu, umelitia wewe. Sasa mfikirie baharia saa nane usiku, mawimbi yanampiga, mbele yake pomboo anahema amezungukwa na uzi wa thamani ya mtu mwingine. Akikata, anakuja kukatwa. Akisubiri, baada ya muda mfupi hakuna tena wa kukatiwa, anamfumbua taratibu, anamtupa, wavu mzima, maneno hayapo. Hakuna anayemchukia pomboo hapo. Mgawo ndio unaomshikilia kisu.

Nimetumia miezi mitatu na fedha za watu kwenye maboya, na swali lilikuwa kwenye tundu.

Tumekubaliana hivi, baada ya kelele ndefu: fedha zilizobaki zinunue uzi. Tundu lililokatwa kumtoa pomboo, kasa au nguva linashonwa kwa uzi wa kikundi, na mshonaji analipwa na kikundi. Tajiri hakati fungu la mtu. Mmoja wa matajiri aliuliza atajuaje kuwa tundu ni la pomboo. Mzee akamjibu kuwa papa anatafuna, mwamba unachana, kisu kinanyooka. Akaongeza: "Nimemshonea nyavu miaka arobaini, akitaka nitamfundisha kuyasoma matundu."

3 Novemba

Nimelala kwa saa mbili tu. Naandika kabla sijapoza.

Kipande cha kumi na mbili kilikuja kizito. Mjomba alisema papa. Tulivuta wanne, na kilipofika usawa wa ubavu wa chombo nikamulika, nikaona tumbo jeupe. Alikuwa ameshakufa. Jike, mdogo kuliko nilivyodhani, urefu wake kama mimi. Uzi umemzunguka mkia na pezi moja, na usoni macho ya wavu yamemchora mistari myembamba, kama mtu aliyelalia mkeka. Nilimgusa. Si ngozi ya samaki hata kidogo; ni kama yai lililochemshwa likamenywa, na lilikuwa bado na vuguvugu.

Kipande cha kumi na mbili ni cha chini.

Giza nne tumelaza, vipande vya juu havijanasa pomboo hata mmoja, na huyu wa kwanza amekuja kwenye mita mbili zangu. Nilitaka kufunga daftari. Mjomba alinitazama, akamfumbua yule pomboo mwenyewe, akamrudisha majini polepole, kwa kichwa, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nimerudi na mashua tupu mara ngapi? Na kesho yake nikatoka." Akaendelea kuvuta.

Jioni. Nimezungumza na mzee na nadhani tumeliona kosa. Jarife linataka giza, giza ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Yaani usiku uleule tunaoutaka ndio usiku ambao mkondo una nguvu kuliko wote. Mkondo ukiusukuma wavu, unalala ubavu na kupanda; kininginio kinauzuia usishuke zaidi ya mita 2, lakini hakuna kinachouzuia usipande. Mita mbili zangu za mchangani, majini huenda zilikuwa nusu mita. Dawa ni risasi zaidi kwenye kamba ya chini. Tutafunga kabla ya giza lijalo.

Inawezekana pia kuwa sivyo, na alinasa tu.

16 Novemba

Risasi zimefungwa. Wavu sasa mzito na mabaharia wananilaumu mgongo.

Kopo la kahawa, miezi miwili: risasi tatu, simbi hakuna. Nimeuliza mara mbili kama kuna mchezo wowote wa risasi. Hakuna.

3 Desemba

Matlai imetulia na kaskazi bado ya uvivu, bahari kama sahani. Wale nyangumi wa kusi walishaondoka. Mwezi wa tisa tuliwasikia wakipuliza usiku na sote tukaomba wasije kwenye wavu, maana nyangumi hanasi, anaondoka nao.

Saa tisa kasoro usiku, kabla ya kuvuta, tulisikia pumzi. Si kwa mbali. "Fuu", kimya, "fuu", ubavuni kabisa. Alikuwa kwenye kipande cha tatu, cha juu, amenasa mkia karibu na kamba, pua inafika hewani kila anapojitahidi. Taa zote zikamwelekea. Hakuna aliyetoa amri. Kijana wa kuteka maji alishachukua kisu cha chambo, ameinama nusu ya mwili nje, mwenzake amemshika mkanda wa suruali. Alikata mara tatu, akasita, akamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Kata bwana, uzi upo." Akakata mara mbili nyingine. Mkia ulipiga maji, sote tukarowa, taa moja ikazimika, na alipokuwa pakawa na povu tu.

Tundu ni la macho kumi na tisa. Nimelihesabu kwa kidole.

5 Desemba

Mzee ameshona kuanzia asubuhi hadi adhuhuri chini ya mkungu. Uzi tulionunua ni wa kijani na wavu ni wa buluu, kwa hiyo kiraka kinaonekana kutoka barabarani. Kijana amepita kwenye banda la kahawa na kutia simbi; mwenye banda anasema aliitia mbele ya watu, akaitikisa na kopo.

Tajiri alikuja baada ya kiraka kushonwa, akalivuta lile tundu kwa mikono miwili, akaliona limeshika. Fungu la kijana halikukatwa. Akauliza uzi umebaki kiasi gani. Nikamwambia mzinga mmoja na kidogo. Akasema anao wavu mwingine nyumbani, umeliwa na panya, kama kikundi kingeweza kumsaidia.

Nimempa kile kidogo. Mzinga nimeuhamishia kwa mwenye kahawa, juu ya rafu, karibu na kopo.